Kamera ya Pili

Wapiga picha za chini ya maji ni watu wabinafsi kuliko wote ninaowajua, na mimi ndiye ninayewauzia kamera. Duka letu liko hapa kisiwani Key Largo, kando ya barabara kuu, na anayekuja kununua kamera yake ya kwanza namwambia aanze na kasha. Kamera ndogo nzuri ziko tele, lakini nyingi hazikutengenezewa kasha la kuzuia maji, na kasha la hii haliifai ile. Akishalipa, namwongezea siri ya kazi: ukifika chini, sahau dunia, tazama kioo cha kamera tu, samaki watakuzoea. Lowell Pruitt nilimwambia hivyohivyo mwaka juzi, naye akanisikia vizuri mno.

Alhamisi iliyopita alikuja na mkewe, Odalys. Yaliyowapata baharini nilikuwa nimeshayasikia, maana manahodha wa hapa midomo yao haina kufuli. Walishuka wawili kama kawaida, kila mmoja mlinzi wa mwenzake. Ndiyo sheria yetu ya kwanza. Lowell akamkuta pweza mchanga, saizi ya ndimu, akapiga magoti mchangani na kamera yake. Nyuma yake mtungi wa hewa wa Odalys ukaanza kuvuja. Odalys akamgonga begani, akaweka ngumi kifuani, alama ambayo hata mwanafunzi wa siku ya kwanza anaijua: hewa inaniishia. Ila alama hiyo haina faida kwa mtu asiyegeuka. Lowell aliinua kidole kimoja tu, ngoja, akaendelea kupiga picha. Mwanamke akapandishwa juu na mtalii wa Ohio asiyemjua, wakipumua kwa mtungi mmoja.

Tangu siku hiyo Odalys hajagusa maji, na hawa ni watu waliozamia pamoja tangu uchumba wao. Nilipowaona wakiingia, nilitamani nijifiche stoo.

Lowell alikuwa amekuja kumnunulia kamera. Aliongea bila kupumzika: kamera ndogo kama yake, ila nyepesi zaidi, na kasha bora lililopo, bei isiulizwe. Mtu mwenye hatia huwa mteja mzuri sana, na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kumwaga sera. Nikamtolea Odalys kasha la plastiki angavu, ili tone la maji likiingia alione mapema kabla kamera haijafa. Nikamweleza jinsi rangi nyekundu inavyopotea ukishuka, na kitufe cha kuirudisha. Nikamwonyesha oringi, ule mpira mwembamba wa kuziba, na jinsi unywele mmoja tu unavyotosha kuufanya uvujishe.

Odalys alisikiliza kwa adabu. Aliuliza kama kioo kinaonekana juani, na kama kasha litapata ukungu ndani likitoka kwenye joto la boti na kutumbukizwa majini. Yalikuwa maswali ya mtu anayenunua. Alilishika, vidole vyake vikafika kila kitufe bila taabu, nami nikadhani biashara imeiva.

"Ukiwa nayo hutachoka kunisubiri," Lowell alisema. "Na wewe utakuwa na shughuli yako."

Odalys akaliweka kasha mezani.

"Wote wawili tutazame vioo," alisema. "Halafu nani atamwangalia mwenzake?"

Shingo ya Lowell ikaiva nyekundu. Alifungua mkoba, akatoa kamera yake mwenyewe na kasha lake, akavisukuma upande wangu. Akasema nivinunue, au nivitupe, yeye hataki kuviona tena.

"Usijitie huruma mbele ya watu, Lowell," mkewe alimwambia. "Kamera haikuinua kidole."

Hapo nikashindwa kunyamaza. Nilimwambia Odalys kwamba lawama nyingine ni zangu, kwamba mimi ndiye niliyemfundisha mumewe kusahau dunia, na kwamba nimewaambia wengine wengi maneno hayohayo nikijiona hodari. Alinijibu kwa upole, na upole wake uliniuma kuliko matusi: alikuwa anajua, maana Lowell aliyarudia maneno yangu kila walipopanda boti.

Lowell akasema, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba alidhani anagongwa begani aonyeshwe samaki mwingine. Huenda ni kweli. Tunagongana sana kule chini kwa ajili ya upuuzi.

"Hilo nilishakusamehe," Odalys alisema. Kisha akanigeukia mimi, kana kwamba mumewe ametoka nje. "Alipopanda juu, mimi nimekaa kwenye benchi natetemeka, yule kijana wa Ohio kanishika mkono. Unajua huyu mume wangu aliniuliza nini? Kama nimemwona pweza."

Lowell alitazama sakafu yangu kama mtu aliyeangusha kitu.

"Nadine," Odalys akaniita, "wewe ukishuka, ni lazima ubebe kamera?"

Nikasema si lazima.

"Basi Jumamosi iache nyumbani, tushuke mimi na wewe. Bahari bado naipenda."

Nilikubali. Nilifurahi, na nikaona aibu kufurahi mbele ya yule mwanamume, kwa sababu nafasi niliyopewa ilikuwa yake, na mimi nilikuwa nimemsaidia kuipoteza. Ningekataa? Nilifikiria kukataa. Lakini mtu aliyeogopa maji akitaka kurudi, humwambii asubiri.

Lowell alianza kulifunga lile kasha jipya. Alilifunga kwa uangalifu, komeo moja baada ya jingine, akafuta alama za vidole vya mkewe kwa ncha ya shati, akanirudishia. Kisha akauliza aje kutupokea bandarini saa ngapi.

"Saa sita," Odalys alijibu. "Na ukifika, usiniulize nimeona nini."

Lowell akaitikia kwa kichwa, akaenda kumfungulia mlango.