Vifungo vya Bunadi

Kifungo cha mwisho kiliingia bila kulazimishwa, na Eldrid akashangilia. Krismasi iliyopita bunadi hiyo, vazi la jadi la sufu la sikukuu alilolidarizi marehemu bibi yake, ilikuwa imegoma katakata kufunga kifuani mwa mama yake.

"Mama! Umekuwa msichana!"

"Si nilikwambia itanienea?" Torbjørg akajibu, kisha akaketi kitandani ghafla kama aliyesukumwa.

Hapo ndipo Eldrid alipopaswa kushtuka. Lakini nani ana akili ya kushtuka asubuhi ya sikukuu ya taifa, mji mzima wa Voss unapepea bendera na kila mtu anawahi maandamano? Akamshika mkono mama yake wakatoka.

Walipofika kanisani, watoto wakiwa bado wanaimba, Torbjørg aliinama nyuma ya ukuta akatapika. Akatapika tena, miguu ikamwisha nguvu, akaanguka kwenye majani.

"Shampeni ya asubuhi hiyo!" alicheka jirani yao Ommund. "Mwakani tumpe maziwa!"

"Hajanywa hata tone!" Eldrid alimkaripia. Kuna watu, jamani, hata maiti wataitania.

Mama alikuwa akitokwa jasho na huku upepo ni wa baridi. Eldrid akapiga simu kuita gari la wagonjwa, kisha akamwinamia. "Mama, vidonge vyako vya prednisoloni unameza?"

Alivianza mwaka juzi, mabega yalipomuuma hata kuchana nywele akashindwa. Vilimpa nafuu upesi, ila vilimnenepesha na kumvimbisha uso. Daktari alimwonya mbele ya Eldrid: mwili ukishaizoea dawa hii huacha kutengeneza homoni yake ya aina hiyo. Hupunguzwa kidogo kidogo. Ukiikata ghafla, unaweza kufa.

"Nameza. Usinitie aibu mbele za watu."

Mhudumu wa gari la wagonjwa, dada mmoja aitwaye Jorid, alimpima presha akakunja uso. "Iko chini mno. Kuna ugonjwa wa kutapika unaozunguka hapa mjini. Mama, unatumia dawa gani?"

"Situmii dawa yoyote," alisema Torbjørg.

"Mwongo!"

Watu wote wakageuka. Eldrid hakujali. Alikuwa akitazama vile vifungo vya fedha vilivyofunga kirahisi, na ule uso wa mama uliokuwa wa duara, sasa umesinyaa. Ni nini kilichompunguza mtu asiyekosa keki na krimu?

"Anatumia prednisoloni tangu mwaka juzi! Na nadhani ameiacha. Mchome sindano, dada, tafadhali!"

Jorid akapiga magoti. "Mama, nitazame. Ni kweli?"

Torbjørg aliwatazama majirani, kisha akafumba macho. "Tangu Pasaka," akanong'ona. "Maumivu yalirudi, nikanyamaza. Mwaka jana sikukuu kama hii bunadi haikunienea, nikavaa koti, peke yangu katika ukoo mzima."

Jorid hakungoja zaidi. Alimdunga haidrokotisoni, homoni aliyopungukiwa, pajani palepale, akamwekea dripu, huku Eldrid akifungua vifungo ili mama apate kupumua. Safari hii Ommund hakucheka. Alivua koti lake akamfunika Torbjørg miguu.

Jioni, hospitalini, mama alifumbua macho. Rangi ilikuwa imemrudi. Eldrid alitaka kumkumbatia, alitaka pia kumzaba kofi.

"Bunadi," alisema Torbjørg. "Imechafuka?"

"Imechafuka, ndiyo."

"Lakini ilinikaa vizuri, eti?"

"Ilikukaa vizuri sana, mama," alisema Eldrid, machozi yakimtiririka. "Na leo tungekuzika nayo."

Muuguzi alipoleta vidonge, Torbjørg alinyoosha mkono mwenyewe akavipokea.