Ndiyo ya Mama

Jumapili ile, siku mbili kabla ya kura, niliingia ukumbi wa Roho Mtakatifu nikitafuta ugomvi. Sitasema uongo. Mume wangu Wade alinisihi tubaki nyumbani. Nikamwambia sisi Wareno wa Bonde la California, wafuga ng'ombe, hata tukichukiana hunywa supu pamoja.

Tulioana Agosti kwenye ofisi ya kaunti, sheria ya California ikiruhusu. Sasa karatasi ya kura ilikuja na swali la nane: ndoa iwe ya mwanamume na mwanamke peke yao? Swali lenyewe lilikuwa kichwa chini miguu juu. Ukitupenda, unaweka Hapana. Ukitaka ndoa yetu ife, unaweka Ndiyo. Vibao vya njano vya Ndiyo vilisimikwa mbele ya kila nyumba isipokuwa ya mama. Tangu Agosti mimi na mama tulizungumza habari za ng'ombe na mvua tu. Nilitaka kitu kimoja duniani, kujua kama yuko upande wangu.

Mlangoni alisimama Deolinda, mama yangu wa ubatizo, akigawa vibao.

"Leonel mwanangu! Na huyu mgeni wako."

"Mume wangu, mama. Unamjua. Si ndiye aliyekutengenezea mashine ya kukamulia?"

"Mashine aliiweza. Ndoa hataiweza."

Watu wakacheka. Mzee Ilídio akadakia, mkate ukiwa bado mdomoni: "Hebu tufumbue macho, kijana. Kati yenu nani kaoa, nani kaolewa?"

"Tumeoana, mzee. Wewe umeoa mara tatu na hujawahi kuoana na mtu."

Ukumbi ukachangamka. Wanawake waliokuwa wakipakua supu wakaacha miiko ndani ya sufuria. Deolinda hakucheka.

"Ishini mnavyoishi, nani kawafukuza?" akasema. "Lakini watoto shuleni waambiwe nini? Neno ndoa ni letu. Mungu kalibariki, tuachieni."

"Lako wewe? Mumeo yuko Fresno na mwanamke mwingine, huu mwaka wa tisa. Kila Pasaka unamtandikia sahani. Unalinda ndoa ipi?"

Sahani ile tuliijua sote, na hakuna aliyewahi kuitaja mbele yake. Niliona shingo yake ikiwiva nikafurahi, tena sana. Wade alinivuta shati, nikamtoa mkono.

Deolinda aliviweka vibao chini polepole. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Haya. Shoga yangu!" akamwita mama, aliyekuwa akikata mkate kwenye meza ya mwisho. "Njoo umwambie mwanao ulivyopiga kura."

Mama alikuja akijifuta mikono kwenye aproni. Miaka arobaini Amerika, na Kiingereza chake kilitosha bei ya maziwa, basi.

"Nimeshaituma kwa posta, tangu wiki iliyopita," akasema. "Ile karatasi ngumu, jamani! Deolinda ndiye kanisaidia. Nikamwambia, mimi nataka ndoa ya Leonel na Wade isiguswe, niweke alama wapi? Akanionyesha kwa kidole. Nimewawekea Ndiyo, baba. Nimeikoleza mpaka karatasi ikataka kutoboka."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilitaja jina la Wade. Akamkumbatia pale pale, kichwa chake kikiishia kifuani kwa Wade, akilia. Watu wa vibao wakapiga makofi. Ilídio alipaliwa kwa kicheko mpaka akapigwa mgongoni. Mama alidhani wanamfurahia mwanawe, akawaambia asanteni, asanteni.

Deolinda alinisogelea. "Mwambie basi. Si una ulimi wewe?"

Sikuweza. "Asante, mama," nikasema.

Ningeishia hapo. Kura moja ni nini? Lakini mama alikuwa amepata nguvu, na mtu aliyenyamaza miezi mitatu akianza kusema hashikiki. Aligeukia meza ya wajane wenzake, wale wanaosali naye kila Ijumaa.

"Nanyi ambao hamjapiga, mwekeeni mwanangu Ndiyo. Nawaomba kwa ajili yangu."

"Kwa ajili yako tutaweka," akasema Belmira, mkubwa wao. Wengine wanne wakaitikia kwa vichwa.

"Mama," nikasema. "Ndiyo ni ya kutuvunja. Yetu ilikuwa Hapana."

Hakuelewa. Kisha akaelewa. Aliuliza kama bahasha inaweza kurudishwa, nikamwambia haiwezi. Akamtazama Deolinda, na Deolinda akawa anahesabu vibao ambavyo havikuhitaji kuhesabiwa. Nilingoja mama amtemee mate. Nilingoja kwa hamu.

Lakini alinigeukia mimi.

"Nasikia umegonga milango ya mji mzima kuwaeleza watu swali hili. Hata kwa Ilídio ulikwenda."

"Nilikwenda."

"Kwangu je?"

Sikwenda kwake kwa sababu niliogopa atakachosema, na yeye aliyenizaa alinisoma usoni bila shida.

"Deolinda kanidanganya," akasema, "na Mungu atamuuliza. Lakini nilipomwita alikuja, tukakaa na ile karatasi asubuhi nzima. Wewe ulikuwa unaniogopa mimi, mama yako."

Akarudi kwenye meza yake. Wade alimfuata, akachukua kisu cha pili, wakawa wanakata mkate pamoja bila kusemezana. Mimi hakuniita.