Mteja wa Miaka Kumi na Moja

Jamani, hamjasikia? Marijke ametuacha! Yule Mholanzi muuza maua, ambaye programu yake ya kupanga malori tumeitengeneza na kuilea hapa Bengaluru miaka kumi na moja. Alikuja mpaka kwenye harusi ya binti wa bosi, akavaa sari, akaikanyaga ngazini! Ofisini tuko thelathini na wawili, wote tunamfanyia kazi yeye. Mteja mwingine hatuna.

Jana alitaka kutuona kwenye skrini kabla ya kusaini mkataba mpya. Bosi wetu, Bwana Thimmaiah, akatukusanya kwanza.

"Atauliza kama programu mpya itakuwa tayari Februari. Jibu mnalijua."

"Haiwezekani, bosi," akasema dada Vasudha, kiongozi wetu. "Kabla ya Juni, labda tulale na kompyuta."

"Basi laleni nazo! Mteja haambiwi hapana. Ukimwambia hapana, kesho yuko kwa jirani."

Marijke akatokea kwenye skrini, hata watoto wetu hakuwaulizia.

"Vasudha, Februari itawezekana?"

Dada Vasudha akatazama meza. "Ndiyo, itawezekana."

Marijke akamuuliza mwenzetu Pradyumna. Naye, ndiyo. Akanifikia mimi, mdogo wa wote, na kiherehere changu hiki nikaropoka: "Ndiyo kabisa, hata Januari!"

Bosi akaniinulia kidole gumba. Marijke akaweka kalamu chini.

"Mafundi wangu wa huku Uholanzi wamesema Juni. Miaka yote nawauliza, hamjaniambia hapana hata mara moja, na kila mara nakuja kujua ukweli nimeshachelewa. Leo nilitaka mtu mmoja tu aseme haiwezekani. Ningesaini."

Akakata.

Bosi akapiga mara nne, hapokei. Dada Vasudha akaandika kurasa tatu, yote tusiyoweza, kweli tupu, akatuma bila kuomba ruhusa. Tukasimama nyuma ya kiti chake. Jibu likaja upesi, akalisoma kwa sauti:

"Asante, Vasudha. Haya niliyahitaji mwaka juzi."

Mwenzetu mmoja akaanza kulia. Ana mkopo wa nyumba, na mtoto wa miezi miwili.

"Mwandikie tena," bosi akasema. "Mwambie Juni tunaweza. Si kweli tunaweza?"

"Tunaweza," akajibu dada Vasudha.

"Sasa shida nini?"

"Sasa yeye atajuaje kuwa safari hii ni kweli, bosi?"