Rangi ya Kisima cha Dada

Asubuhi dada alipokata roho, ndoo yake ilikuwa bado imejaa, kando ya mlango wa jikoni. Waombolezaji walipoanza kuingia, shangazi mmoja akachovya kikombe. Mpima maji, kaka wa marehemu, akamshika mkono.

"Hayo yaache, shangazi."

"Maji tu, mwanangu. Koo limenikauka kwa kulia."

"Yaache."

Daktari alishasema ini la dada linaliwa na sumu, ila hajui imeingilia wapi. Mpaka asubuhi hiyo mpima maji hakuwa amekishuku kisima. Ramani ya mtaa alikuwa ameileta na kuitundika ukutani kwa mkono wake: kote kijani, rangi ya maji salama. Sasa aliisogelea. Kila kisima kilichopimwa kilikuwa na nukta nyeusi. Kwa dada hapakuwa na nukta. Kazini kwao mtu hapimi kisima cha ndugu yake, asije akapendelea. Mwenzake ndiye aliyetumwa, akakuta geti limefungwa, akapita.

Walipotoka makaburini alijaza chupa pale kisimani, akaipeleka maabara. Majibu yalipotoka kwamba sumu imo, alimwendea mchora ramani.

"Kama hakuna aliyepima, hii rangi ilitoka wapi?"

"Kompyuta inauliza majirani, kaka, yaani visima vilivyopimwa. Wa karibu anasikilizwa sana, wa mbali kidogo. Halafu inakisia."

"Na majirani walisemaje?"

"Wote wazima."

"Jirani atajuaje ya chumbani kwa mwenzake?"

Mchora ramani aliigeukia kompyuta. Akaingiza namba ya sumu ya ile chupa. Palepale doa jekundu likachipuka juu ya nyumba ya dada, likatanuka, likameza paa za jirani.

"Linaishia wapi?"

"Hapo nilipoliambia liishie. Ukweli wake uko chini ya ardhi." Akalifuta. "Pole sana, kaka. Lakini sheria unaijua. Chupa ya mfiwa haiingii."

"Shemeji yangu na wanawe wanakunywa hayo maji mpaka ramani iseme vingine. Mimi niliyewatundikia kijani hawanisikii tena. Basi njoo upime wewe."

"Mimi? Mimi ni mtu wa kiti!"

"Kiti kitakungoja."

Alikuja, viatu vya ofisini vikizama kwenye tope la uwanja. Shemeji alifungua geti, akaziangalia chupa, kisha akamwangalia mpima maji.

"Leo ndiyo mnajua njia?"

Mpima maji akatangulia kisimani. Mchora ramani alishusha kamba yenye chupa.

Namba ilikuwa ileile.

Sasa kisima cha dada kina mnyororo, na shemeji anachota bombani, ng'ambo ya barabara kuu. Jirani wa nyuma hajapimwa. Foleni ya kupimiwa ni ndefu. Duara jekundu limekata uwanja wake katikati, na kisima chake kimeangukia upande wa kijani. Bado anachota.