Vipande vya Kulia

Mpira wa bati wenye nyuso arobaini na nane ulitakiwa uning'inie kesho yake asubuhi kwenye mlango wa maktaba ya shule moja kule Msimbu, Kisarawe. Nilikuwa kibandani kwangu Kibaha, vipande vyote nimeshakata, na cha pili tu kikagoma kukaa na cha kwanza.

Nilirudi kwenye vioo. Ni vioo vitatu nilivyoviunganisha vikakutana kwenye kona moja. Ukiweka humo pembetatu moja, unaona mpira mzima. Ndivyo nilivyojifundisha umbo hili. Safari hii niliandika juu ya kipande herufi L, ya jina langu. Kwenye kioo, L ya jirani yake ilikuwa imegeuka.

Nusu ya vipande vilitakiwa viwe vya kushoto, vimegeuka kama ile L ya kiooni. Mimi nimekata vyote vya kulia. Mfano wa karatasi niliotengeneza kwanza haukunionya, maana karatasi ni nyeupe pande zote; nilikuwa nikigeuza bila kujua.

"Si uigeuze tu hiyo nusu?" akasema Saburi, fundi redio wa kibanda cha jirani.

"Bati lina rangi upande mmoja. Nyuma ni kijivu. Mwalimu Mwanaamina anataka kijani mwanzo mwisho."

"Mwambie ndiyo fasheni ya Dar." Akacheka peke yake.

Nilipiga simu maduka manne. Bati la rangi ile hakuna. Kamati ya shule ilikuwa imetaka fundi kutoka mjini, lakini Mwalimu Mwanaamina akasimama akasema, "Latifu anaweza." Nikiharibu, aibu ni yake.

Nikageuza ishirini na nne. Kufikia alasiri umbo likawa limefunga, kijani na kijivu vikipishana.

Mwalimu alishuka kwenye bodaboda saa kumi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Macho yalikuwa kwenye mpira. Akauzunguka mara mbili. "Kijivu umekitoa wapi?"

Saburi akafungua mdomo. Nikamwahi.

"Nilikosea. Nilisahau kwamba kioo kinageuza." Nikamwonyesha ile L.

Akainama juu ya vioo, akaingiza kiganja cha kulia, akakitazama kikigeuka cha kushoto.

"Kesho ukija kuutundika, uje na hivi vioo," akasema. "Hayo uliyoniambia, uwaambie watoto. Wako mia tatu."

"Mimi? Niongee?"

"Wewe, fundi."

Nikavuta ndoo, nikakaa.