Maziwa ya Mnyaa

Mtaani kwetu Voi wananiita Mama Miiba, na mtu akiniita hivyo mbele yangu ninamjibu vilivyo. Ndiyo, nilipanda miiba. Wengine wanafuga kuku wanaonyea kila mahali na hakuna anayewapa jina. Mimi nilifuga yuforbia, ile mimea minene ya nchi kavu ambayo ukiikata inatoa maziwa meupe. Jamii yake ni kubwa. Kuna mnyaa wa ua ambao kila mtu anaujua, kuna ile mirefu yenye matawi kama kinara cha kanisani, na kuna midogo inayotambaa kwenye mawe hadi mbuzi wanapita bila kuiona. Nilikuwa nayo yote, kwenye makopo ya rangi, masufuria yaliyotoboka na matairi, kuanzia mlangoni hadi kwenye ukuta wa jirani yangu Kasyoka.

Sisi tunaoikusanya tunaombana vipande, na kila mmea unabaki na jina la aliyekupa. Kwa hivyo uani kwangu alikuwepo Loise wa Njukini, alikuwepo Titus wa reli, na alikuwepo Mama, mnyaa niliokata kwenye ua wa mamangu kule Mahoo wiki tuliyomzika. Asubuhi niliisalimia kwa majina. Mume wangu Wanjala, mtu wa Bungoma na fundi wa mashine katika shamba la mkonge, alikuwa akinichekelea.

"Mama Nabwile, leo Titus amekuitikia?"

"Ananiitikia kuliko wewe," nilimjibu.

Lakini mimea hii haina mchezo. Maziwa yake yakiingia jichoni unaweza kupofuka. Kipande kikikatwa, mimi hukitia majini kwanza mpaka maziwa yaache kutoka, ndipo nikianike kivulini kidonda kikauke, ndipo nikipande. Nilikuwa na beseni jekundu la kazi hiyo tu, na nyumbani kulikuwa na sheria moja: beseni jekundu haliguswi. Niliisema hadi sauti ikanikauka. Nabwile, binti yetu wa darasa la pili, aliijua vizuri. Babake aliona ni ukali wangu tu, kama vile ninavyokataza viatu ndani ya nyumba.

Wiki ile mfereji ulikuwa mkavu, si habari mpya. Mtu wa Voi hamwagi maji. Maji ya kuosha mchele yanaosha vyombo, ya kuosha vyombo yanaosha miguu, ya miguu yanapewa mti. Baada ya kukata vipande na kuviweka kwenye beseni lile, nilibeba mitungi nikaenda kupanga foleni kioski cha maji, nikamwacha Wanjala akipumzika, maana alikuwa off. Nyumbani hakukubaki hata tone la kunawa.

Nabwile akatoka shule. Upepo wa mchana ulikuwa umemjaza vumbi jekundu machoni na alikuwa analia huku anayasugua. Babake akatafuta maji. Mitungi mitupu. Birika tupu. Akaona beseni, akatoa vile vipande akavilaza kando vizuri, na maziwa yalikuwa yameshatua chini, maji juu ni maangavu kabisa, haki ya Mungu, ungeyanywa. Maji ni maji, akajiambia. Akamwosha mtoto macho.

Mtoto akapiga ukelele. Wanjala akadhani ni vumbi linatoka, akachota tena, akamwosha tena. Alipozidi kulia, akamshika kichwa akammwagia mengi zaidi.

Kelele hizo nilizisikia nikiwa mbali barabarani, nyuma ya mkokoteni wa maji. Mama anajua kilio cha mtoto wake, na kilio kile sikuwahi kukisikia. Nilikimbia, na mwenye mkokoteni akanifuata mbio na mitungi yangu. Nilipofika nikaona beseni jekundu mikononi mwa Wanjala.

"Umemwosha na nini? Baba Nabwile, umemwosha na nini?"

"Maji tu. Ni vumbi."

Nilimlaza mtoto chini, nikamfungua macho kwa vidole huku ananipiga mateke, na mtungi wa kwanza ukaishia pale, na wa pili. Nilipaza sauti kumwita Kasyoka, naye akaja na maji yake ya kunywa, yote, bila kuuliza. Kope zilikuwa zimevimba kama maandazi. Kila nilipozifungua niliona wekundu mtupu, na nyuma yake kitu cheupe kama moshi.

"Mama, washa taa," Nabwile alisema.

Jua la Voi lilikuwa kichwani. Wanjala alisikia maneno hayo, akaketi chini kwenye matope na beseni lake. Mimi nilikuwa na woga mwingi hata moyo wa kumhurumia sikuwa nao.

Hospitalini daktari wa macho alimwosha tena kwa dawa, kwa muda mrefu, akasema maziwa yamechoma kioo cha jicho, macho yote mawili. Akayatia dawa na kuyafunga pamba. Alale kitandani, asisugue, asipigwe na vumbi wala mwanga, na baada ya siku chache turudi ayafungue. Nilimuuliza ataona au hataona. Nilimuuliza vile mtu anavyouliza bei, kavu, kwa sababu ningeuliza kwa upole ningeanguka.

"Wengi huona tena," alisema. "Tusubiri."

Wengi! Neno hilo nililala nalo na kuamka nalo. Nyumbani Nabwile alikuwa amelala na uso umefungwa, akigeuza kichwa kila mlango ulipolia, na kila mara akiniuliza kama kumekucha. Alianza kupapasa. Alipapasa kikombe, akapapasa ukuta, akanipapasa uso akasema, "Mama, umelia." Nikamwambia ni jasho. Nilikuwa naogopa mpaka nilikuwa nakwepa kumtazama.

Wanjala hakula. Halafu Jumamosi akachukua jembe na glavu zake za kazini, akaanza na mlangoni. Aling'oa kila kitu. Alikokota matairi, akapindua makopo, akarundika mimea yangu katikati ya ua hadi lundo likamfika kifuani, na maziwa yalikuwa yanachuruzika chini meupe. Nilimwacha. Sikuwa na moyo wa kutetea kitu chochote duniani isipokuwa macho yale mawili. Niliendelea kumpepea mtoto.

Ndipo nikasikia harufu ya dizeli.

Nilitoka mbio. Alikuwa na kiberiti mkononi na galoni ya shamba la mkonge miguuni pake. Kasyoka alikuwa amesimama juu ya jiwe upande wake wa ukuta, anatazama.

"Usiwashe," nilisema. "Moshi wake ni sawa na maziwa yake. Unaingia machoni. Mtoto yuko hapo ndani."

"Unaitetea."

"Siitetei! Kwetu Mahoo mjomba alichoma ua mkuukuu wa mnyaa, boma zima likafumba macho kwa siku kadhaa, na nyanya yangu jicho moja halikurudi tena. Nilikuwepo, Wanjala. Nilimshika mkono kumpeleka chooni."

"Unaitetea," alirudia, na sasa alikuwa analia waziwazi, mwanamume mzima. "Kila asubuhi unaisalimia kabla yetu. Mtoto wetu ni kipofu huko ndani na wewe umekuja kuniomba nisiichome. Alaa! Wewe ni mama wa aina gani?"

"Mama Nabwile, mwache achome," Kasyoka alisema kutoka ukutani. Alisema kwa huruma, ndiyo iliyoniuma. "Mimea tu hiyo. Utapata mingine."

Jamani. Kama kuna kitu kinachotisha kuliko giza la mtoto wako, ni kusema ukweli na kila mtu akakutazama hivyo. Nilitazama upepo. Ulikuwa unavuma kutoka kwenye lundo kwenda dirishani kwetu, dirisha la wavu lisilo na kioo, na nyuma ya wavu ule mwanangu amelala. Ningembeba nimpeleke wapi? Daktari amesema asitoke. Na kama ningeingia kumchukua, njiti ingewaka nikiwa bado nainama kitandani. Nikaona kitu kimoja tu cha kufanya.

"Unataka ife?" nilimuuliza.

"Ife yote."

"Basi nitaiua mimi."

Niliingia stoo nikachukua panga na miwani yake ya kuchomelea vyuma, nikavaa koti la mvua hadi shingoni. Nyuma ya nyumba kulikuwa na shimo la choo ambalo aliliacha nusu tangu Pasaka. Nilivuta Loise wa Njukini nikaukata vipande vipande na kuuburuta hadi shimoni. Nikamvuta Titus, ule mrefu kuliko mlango, niliolea tangu ukiwa kama kidole, nikaupiga panga hadi maziwa yakanirukia kifuani. Nililia ndani ya miwani ile na sikuweza kuifuta. Sikuchagua. Nilikata uliokuwa juu ya lundo, kisha uliofuata, na Wanjala alisimama pale na kiberiti chake wazi.

Kisha mkono ukashika Mama. Nilijua kwa kigogo chake kilichopinda. Nilisimama kidogo, si uongo, nilisimama. Ule ndio uliokuwa umebaki wa ua wa kwetu, maana shamba lile kaka zangu walishaliuza. Nikauweka chini ya mguu nikaukata kama ile mingine.

Niliponyanyua kichwa kiberiti kilikuwa kimeanguka chini. Wanjala alinitazama kana kwamba ndiyo kwanza ananiona.

"Kwa hivyo ni kweli," alisema polepole. "Moshi."

"Ni kweli."

"Ningewasha, Wakesho." Huwa haniiti jina langu. "Ningewasha. Ningemmaliza kabisa."

"Chukua jembe," nilimwambia. "Na ufunge mdomo na kitambaa."

Tulifukia pamoja, udongo mwingi juu, na ile dizeli iliyomwagika tukaifunika mchanga. Kasyoka alirusha koleo lake juu ya ukuta, kisha akazunguka na kuingia kwa mlango mkubwa kusaidia.

Siku ya kurudi hospitalini, daktari alifunga mapazia, akatoa pamba polepole. Macho yalifunguka. Yalikuwa mekundu, yanatoa machozi. Daktari akanyoosha vidole mbele yake.

"Vingapi?"

Nabwile alikaza uso. "Sijui. Kuna ukungu."

Nilishika ukingo wa meza. Daktari alisema ukungu unaweza kuondoka na unaweza kubaki, uvimbe bado haujaisha, turudi wiki ijayo. Akamvalisha kofia ya ukingo mpana. Wanjala alimbeba mgongoni njia yote, na njia yote sikuwa na sala nyingine isipokuwa Bwana, chukua macho yangu, chukua yangu. Nilimuuliza mtoto anaona nini barabarani. Akasema anaona mwanga. Pikipiki zilitupita na akageuka kuzifuata kwa sikio, kama alivyojifunza zile siku za pamba, na nikaona shingo ya Wanjala ikiinama.

Tulifika. Wanjala alimshusha mlangoni pa ua, nikamshika mkono nimwongoze kama kawaida, nikamwambia kuna ngazi hapo. Hakusogea. Aliinua ukingo wa kofia, akafinya macho, akafuta machozi kwa kiganja, akafinya tena.

"Mama."

"Abee, mwanangu."

"Titus ako wapi?" Kidole chake kilinyooka moja kwa moja hadi pale kwenye kona, kwenye alama ya tairi iliyobaki mchangani. Kisha kikahama hadi ukutani kwa Kasyoka. "Na Loise hayuko. Na mnyaa wa Nyanya." Alizungusha kichwa polepole, kutoka ukuta hadi ukuta, ule ua mtupu wote, mwekundu, uliopigwa jembe. "Mama, mbona hakuna kitu?"

Wanjala alikuwa amepiga magoti nyuma yake na kufunika uso. Mimi nilimshika mwanangu mabega, nikamgeuza taratibu aangalie upande wa pili.

"Hakuna kitu," nilimwambia. "Tazama vizuri. Tazama tena."