Jasho la Upande wa Kushoto

Nimehangaika na jasho la mume wangu miezi mitano mizima, na msinicheke.

Noa ni mwalimu wa kwaya yetu hapa Maramba. Mwezi wa tatu alianguka na bodaboda akitoka Amani, akafikia bega la kushoto. Hakuvunjika mfupa hata mmoja. Lakini mkono ukabaki unaning'inia, kope ya jicho la kushoto ikalegea, na uso ukaanza vituko: kulia jasho linatiririka, kushoto pakavu kabisa. Daktari kule Tanga akasema mishipa ya fahamu ya shingoni imevutika.

"Mama, subirini. Jasho likirudi upande huo, mjue mishipa inaamka."

Haya, mimi tena! Kila siku nampitishia leso shavu la kushoto nione kama italowa. Nikamlisha pilipili, nikampandisha mlima jua la saa saba.

"Brightness, utaniua kabla mishipa haijaamka!"

"Hufi. Panda!"

Kwaya nayo ikayumba. Waimbaji wa sauti ya pili alizoea kuwaingiza kwa mkono wa kushoto; sasa wakawa wanatazama kope. Ikishuka tu, mmoja wao, Ritha, huyo kaingia peke yake katikati ya ubeti.

"Si amenikonyeza?"

Mungu wangu! Nikamwambia, dada, siku akikukonyeza kweli mimi ndiye nitakayekupa taarifa.

Wazee wa usharika wakaamua kwamba baada ya sikukuu ya mavuno kwaya apewe Robert, mpiga kinanda. Noa alifunga daftari lake la nyimbo akaliweka juu ya kabati, na roho iliniuma mno, maana kwaya ndiyo maisha yake.

Siku ya mavuno kanisa lilijaa mikungu ya ndizi na magunia ya mahindi. Mimi nipo mstari wa mbele wa kwaya. Noa akainua mkono wa kulia, tukaanza. Ubeti wa pili, sauti ya pili inakaribia kuingia, Ritha katoa macho. Mara nikaona kitu kinang'aa juu ya nyusi ya kushoto, kikateremka shavuni hadi kidevuni.

Nilipiga kigelegele nikasahau niko wapi!

Ritha akadhani ndiyo ishara, akaingia na wenzake wote, mahali penyewe hasa. Noa akanikodolea macho, moja kubwa moja dogo. Nikamwonyesha shavu langu la kushoto. Mkono wa kulia ukaacha kuongoza, akajigusa, akatazama vidole vimelowa. Alilia huku anacheka, na kwaya ikaendelea yenyewe mpaka mwisho.

Robert aliwafuata wazee siku hiyohiyo, akawaambia kwaya haitaki, ina mwenyewe. Jioni Noa alipanda kiti akashusha daftari kwa mkono wa kulia. Leso niliyomfutia jasho lile sijaifua mpaka leo.